Sinki la Wodi ya Upasuaji

Hospitalini walimwita Mama Sahani, kwa kuwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisoma sahani ndogo za maabara. Bakteria wa mgonjwa huoteshwa humo, kisha juu yao huwekwa vikaratasi vyenye dawa. Dawa ikiwaweza, karatasi yake huzungukwa na duara tupu. Ikishindwa, wanaota mpaka ukingoni mwa karatasi.

Jumatatu moja aliinua sahani, hakuona duara hata moja. Hata dawa ya akiba, ile madaktari wasiyoigusa mpaka nyingine zote zishindwe, ilikuwa imezingirwa na bakteria. Aliandika "sugu" mara kumi na moja, ndipo akatafuta jina kwenye daftari. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyepasuliwa tumbo wiki iliyopita.

Alingoja machozi, hayakuja. Akachukua sahani inayofuata.

Kisha akakumbuka mgonjwa wa mwezi uliopita, wodi ileile, usugu uleule. Akampelekea daktari majibu yote mawili.

"Lakini hawa ni bakteria wa aina mbili," daktari alisema. "Na wagonjwa hawakukutana."

"Bakteria wanapeana usugu, daktari. Mmoja ananakili kipande cha vinasaba vyake, anampa jirani, hata asiye wa aina yake. Lazima kuna mahali walikaa pamoja."

Wodini alimkuta muuguzi akimwaga mabaki ya dripu ya dawa kwenye sinki, hatua mbili kutoka kitanda cha wifi.

"Huwa mnamwaga hapo?"

"Miaka yote, mama. Kwani tumwage wapi?"

Aliingiza kijiti cha pamba kwenye tundu la sinki, kikatoka na utelezi mweusi. Humo dawa ilifika kidogo kidogo: iliua wanyonge, ikawaacha wababe wakigawiana silaha. Bomba likifunguliwa, maji yaliwarusha nje.

Wifi alimtazama. "Umeniletea dawa, au umeniletea hiyo sura tu?"

"Sura tu, wifi."

Wifi akacheka, akajishika kidonda. "Basi kaa nayo hapa karibu."

Akakaa. Alimweleza yote bila kuzunguka, kwa sauti ileile ya kusomea majibu. Wifi alimshika mkono. Mama Sahani aliuona mkono wake umeshikwa, ila ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Sahani ya sinki ilitoa bakteria wale wa aina zote mbili. Madaktari walijaribu kuchanganya dawa, hazikufua dafu. Wifi alifariki siku ya tisa. Kesho yake fundi bomba aling'oa sinki, na mabaki ya dawa yakaanza kukusanywa kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Ulijua tangu lini?" mumewe aliuliza.

"Tangu Jumatatu ile."

"Na hukulia?"

"Bado."

Mume aliinama. Alimvua viatu, akaviweka chini ya kiti.

Miezi miwili ikapita bila sahani nyingine kama ile. Daktari alishuka maabara kumpongeza. Mama Sahani alisema asante, akamwomba asogee kidogo, amemzibia mwanga.