Nilimzika Auntie Angali Hai, Nikaenda Beach

Siku niliyopanga shangazi yangu azikwe kwa uongo, nilimwona kwa macho yangu akitembea mchangani Formentera.

Kama una roho nyepesi, soma hii mchana.

Mimi naishi Brooklyn Park, Minnesota, huku Marekani. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba moja huko Oakdale, zamu juu ya zamu. Msimamizi wangu, Susan, alikuwa amenikatalia likizo mara mbili. Eti watu hawatoshi.

Na rafiki yangu Lynette alikuwa ameshabuku. Siku tano kwenye kile kisiwa cha Uhispania ambako watu wenye majina huenda kupigwa picha.

"Jedidah, ua mtu," akaniambia akicheka. "Si ndio huwa tunafanya tukitaka off?"

Basi nikamuua Auntie Ernestine. Dada wa baba, aliyenilea kule Vihiga, Kenya, tangu nina miaka sita.

Kwa nini yeye? Susan alikuwa amemwona kwenye simu yangu, tukiongea kwa video kila Jumapili. Nilijua ataamini.

Susan akataka ushahidi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikaa chini nikatengeneza programu ya mazishi, ile yetu kamili. Picha yake akiwa na suti ya buluu ya kanisa. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, mpangilio wa ibada. Kuzika ni Jumamosi, saa nane mchana.

Kumbe mwenzangu mmoja kazini ni wa kanisa letu. Kufikia Jumatatu jioni, kina mama walikuwa sebuleni kwangu na chai na chapati, wanaimba, wananishika mkono. Nikalia nao. Ningefanyaje?

Jumamosi ikanikuta beach.

Ile beach iko ndani ya hifadhi. Mchanga mweupe, bahari pande zote mbili, na vilima vya mchanga vimezungushiwa kamba kwa sababu mimea yake inalindwa. Mtu haruhusiwi kukanyaga. Lynette alikuwa anajipiga selfie. Mimi nimelala chali nasikia raha, wacha niseme ukweli.

Nikainua kichwa.

Ng'ambo ya kamba kulikuwa na mwanamke mweusi, anatembea pole pole, mkoba mkononi. Jua linachoma, na yeye amevaa suti ya buluu.

"Lynette, unamwona yule?"

"Nani? Wapi?"

Mwendo ule naujua. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Nikaruka kamba.

"Auntie!"

Hakugeuka. Nikakimbia, na yeye alikuwa anatembea tu, lakini simfikii. Nikaangalia chini. Nyayo pale mchangani zilikuwa zangu peke yangu.

Filimbi ikalia nyuma yangu. Mlinzi wa hifadhi, amekasirika, Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Toka huko! Na mama yako pia, mwambie atoke!"

Nilipogeuka tena, kulikuwa na mchanga tu.

Nikapiga simu Vihiga. Ikaita, ikaita, nikajua nimemmaliza.

"Haloo?"

Alikuwa yeye. Nikalia kama mtoto.

"Auntie, uko sawa?"

"Niko sawa, mwanangu. Nilikuwa nimejilaza kidogo. Nimeota niko mahali pana jua kali, mchanga mweupe, na wewe unaniita. Nikaogopa kugeuka."

"Uliogopa nini?"

"Nilihisi nikigeuka, utaniaga."

Nilirudi Minnesota nimeapa kusema ukweli wote. Sikusema. Susan alinikumbatia, akanipa kadi ya rambirambi iliyosainiwa na kila mtu kazini. Sasa hapo unaanzia wapi?

Wiki sita baadaye Auntie alianguka jikoni kwake. Akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Sasa niambie wewe. Niombe ruhusa ya kumzika nani? Kwenye group ya kanisa niandike nini, na wale kina mama walishakuja, wakaimba, wakaosha vikombe wakaenda? Hakuna aliyebisha mlango wangu. Nilipika chai nikainywa mwenyewe.

Nilimtazama kwa simu akishushwa kaburini, kwangu ikiwa alfajiri, nimekaa ndani ya gari kwenye parking ya kazi. Network ikakatika wakati wanaanza kurudisha udongo. Nikafuta uso, nikaingia ndani.

"Macho yako mekundu," Susan akasema. "Ulilala kweli?"

"Nililala vizuri," nikamjibu.

Ndugu zangu mlioko majuu, mkitaka off ombeni off. Mkinyimwa, kaeni. Msimuue mtu mnayempenda, kwa sababu siku atakapokufa kweli, msiba wake utakuwa umeshaisha na mtalia peke yenu.