Ghorofa Niliyoijenga Ikanishinda Kuipanda

Bismillahi. Wanaonijua hapa Langoni watasema Athmani anajisifu. Najisifu, ndiyo. Shule niliiacha mapema, nikabeba mawe ya chokaa kichwani mpaka nikamiliki tanuri langu. Nyumba yangu ya ghorofa imepigwa chokaa niliyoichoma mwenyewe. Nani mwingine mtaani atasema hivyo?

Lakini moshi wa tanuri na vumbi lile nilivivuta tangu ujana. Kikohozi kilipoanza nilikiita cha kazi. Kikakaa. Kila asubuhi natema kohozi zito la kijani, linavutika kama gundi, halitaki kukatika mdomoni. Mimi nisiyekula penye nzi, nikawa nalala na kopo la makohozi chini ya kitanda. Puh! Nilikinai mwili wangu.

Kisha ngazi zikanishinda. Nilifika katikati kifua kinalia kama filimbi, shemeji zangu wakaniteremsha kama gunia. Nikatandikiwa chini, chumba cha wageni. Mwenye nyumba, mgeni!

"Mgonjwa hatikiswi," wakasema jamaa. Mke wangu, Bi Zena, akafunga madirisha, akawasha chetezo. Ubani ukafuka kutwa, eti kufukuza husuda na harufu yangu. Mtu kaharibiwa na moshi, anatibiwa kwa moshi! Mpaka leo nikiusikia ubani, natoka nje.

Nilipozidiwa nikapelekwa hospitali. Daktari hakunificha. "Bwana Athmani, mapafu hayatarudi kama zamani. Lakini miguu imelegea kwa kulala, na hiyo ndiyo inayokumaliza pumzi. Hiyo tutaitengeneza."

Akanipeleka kwa Bi Khadija, mtaalamu wa mazoezi. Simama, keti. Simama, keti. Kisha akanipa chupa za maji niinue.

"Mimi nimebeba mawe," nikamwambia, "wewe wanipa chupa?"

"Mawe hapa hatuna, Bwana. Inua."

Nikainua. Kikohozi kikanibana, kohozi likamwagika kwenye kanzu yangu nyeupe, wagonjwa wenzangu wanatazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Futa," akasema, wala hakukunja uso. "Sasa vuta kwa pua, toa kwa mdomo kama wapoza chai. Haya, tena."

Nyumbani nikazima chetezo, nikafungua madirisha, nikaanza kutembea uchochoroni nikishika ukuta.

"Utakufa ndiani!" Bi Zena akalia, nami nikashika njia.

Barazani wakanicheka. "Athmani, punda wako wa kukubeba yuko wapi?"

"Nimekuachia wewe, si nduguyo?"

Nikakanyaga mavi ya punda, nikapoza chai yangu isiyokuwepo, nikaendelea. Kila siku mbele kidogo.

Siku moja baada ya alasiri nikazikabili ngazi. Kidato, pumzi. Kidato, pumzi. Bi Zena nyuma yangu kanyoosha mikono kama anayedaka mtungi. Nikafika. Kitanda changu, kilichoachwa tangu niteremshwe, kimejaa mavi ya popo, chumba kinanuka. Lo! Sijapata kufurahia uchafu kama ule.

"Lete maji," nikamwambia. "Na lile kopo langu kalitupe."

Alhamdulillahi. Mapafu yangu ni mabovu, dawa ya kuvuta haitoki mfukoni, na tanurini siendi tena. Bi Khadija, Mungu akuweke. Nawe uliyelazwa chini ukifukizwa, waambie wazime huo moshi. Nenda hospitali, uliza mazoezi yanayokufaa, uinuke. Utatema, utanuka, watu watakucheka. Wacha wacheke.

Mimi nalala juu.