Barua Niliyomwandikia Kiprono Mara Mbili

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka hata leo naishiwa na maneno, na unajua mimi si mtu wa kuishiwa na maneno.

Nilikuwa kijana, karani wa kituo cha kupimia majani chai hapa Mogogosiek, mwenye mwandiko mzuri na majivuno ya kutosha. Jirani yangu Kiprono alikuwa ametoka jeshini, na vita vilikuwa vimemwachia ugonjwa wa akili. Ili atibiwe na apate malipo yake ya ulemavu, madaktari walitaka barua ya mtu anayemjua. Nikaiandika kama zile tunazowaandikia vijana wanaotafuta kazi: mpole, mchapakazi, hakosi kanisani. Niliona aibu kumtaja askari wetu kuwa mgonjwa. Ombi likakataliwa.

Mkewe, Chebet, alinijia kituoni na karatasi ya kukataliwa mkononi. Hakupaza sauti.

"Karani, umemsifu mpaka umemponya na kalamu. Kuja uone huyo mtu mwenye uliandika."

Nikamfuata hadi shambani. Kiprono alikuwa akichuma chai na watoto wake watatu. Mara king'ora cha kiwanda kikalia. Akaanguka kifudifudi katikati ya majani, mikono kichwani, akitetemeka. Nilitaka kukimbia nimwinue, Chebet akanishika mkono. Wale watoto waliweka vikapu chini bila haraka, wakalala kando yake, mmoja huku, wawili kule. Mdogo wao akamwekea kiganja mgongoni. Wakakaa hivyo mpaka baba yao akatulia. Mwanangu, nilivua kofia. Sijui kwa nini, nilivua tu, kama niko kanisani.

Kiprono aliponiona alijipangusa udongo.

"Andika hiyo," akasema. "Yote. Na zile siku zenye nashindwa hata kushika kikapu."

Niliandika pale pale, nimeketi chini, nikamsomea neno kwa neno. Safari hii ombi lilikubaliwa.

Basi ukiombwa kumtolea ushahidi mgonjwa wa namna hiyo, usimpambe. Mwombe ruhusa, kisha andika ulichokiona kwa macho yako, na zile siku mbaya usiziruke. Mimi nilidhani namfichia aibu, kumbe nilikuwa namfungia mlango wa hospitali.

Mungu akutunze, mwanangu. Na siku utakayoanguka, akupe watu wa kulala chini kando yako.