Wembe na Waya wa Bafle

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ulikuwa mgongoni mwangu. Muuzaji wa waya wa bafle, zile spika kubwa za muziki, katika soko letu la Kasongo alinitazama, akacheka, akasema mbele ya watu: "Mama, fili yangu, waya hii, haina ubaya. Ni bafle zako ndizo ziko na ugonjwa. Tuma bwana yako, haya ni mambo ya wanaume."

Hapo uvumilivu wangu uliisha.

Ilikuwa mara ya tatu kwenda kwake. Unajua tunavyofanya: kukiwa na sherehe, bafle moja inabaki sebuleni, nyingine inawekwa barazani iangalie barabara, majirani nao wacheze. Waya wa huko nje ni mrefu. Na sisi waya tunauchagua kwa kidole: mnene, unang'aa, basi, kata! Ndivyo nilivyofanya, mjinga mimi, mara mbili. Siku ya ubatizo wako bafle ya nje ikakohoa, ikanyamaza. Ampli, mashine ya kuzipa bafle nguvu, niliyoinunua kwa mpunga wa misimu miwili, ikawa moto kama pasi, ikajizima. Shangazi zako wakabaki mguu mmoja hewani.

Mjomba wangu, fundi wa redio kule Salamabila, alikuja kwa pikipiki, akaupasua ule waya, akanigombeza. "Na masomo yako yote, umenunua plastiki! Ndani iko nywele saba tu, zimekatika, zinagusana. Kidogo tu ampli iungue. Shaba gani hii? Kwaruza uone."

Basi pale sokoni nikafungua pindo la kitenge, nikatoa wembe wa kukukatia kucha. Nikachukua roli yake mpya ya waya, aliyoiandikia "shaba tupu", nikaimenya, nikakwaruza uzi mmoja. Wekundu ukatoka. Chini yake kweupe kama sufuria.

"Papa, shaba yako inapakaa rangi ya mudomo?"

Soko lote likacheka. Mama mmoja muuza mawese akapiga kelele: "Kwaruza na zingine!" Nikazikwaruza. Nne nyeupe. Moja tu nyekundu hadi ndani, nyuzi tele. Hiyo nikaondoka nayo, na aliyenikatia ni muuzaji mwenyewe. Leo bafle yetu ya nje inasikika hadi kisimani.

Mwanangu, usinunue plastiki. Menya, angalia nyuzi, kwaruza; na waya ukiwa mrefu, shaba nayo iwe nene zaidi. Atakayekuambia ukamwite mwanamume, mjibu palepale. Mungu akupe mkono usiotetemeka.

Kesho yake, baada ya siku ile ya sokoni, nilipeleka barua kwa rais wa komite ya soko, akaigonga muhuri nikiwa nimesimama mbele yake:

"Bwana Rais, namshtaki muuzaji wa waya wa safu ya tatu. Anauza alumini kwa jina la shaba, kisha anasingizia bafle zetu. Sitaki aniombe msamaha wa mdomo. Naomba kila meza ya waya ifungiwe wembe kwa kamba, mnunuzi akwaruze kabla ya kukatiwa. Ushahidi, kipande cha waya alioniuzia, nimeubandika hapa chini. Kama una shaka, wembe umo ndani ya bahasha."