Nguo za Mwezini Mbele ya Wakwe

Jamani, chekeni tu, nilishazoea, ingawa siku ile pale Kihesa nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa sayansi, kapera, kichwa kimejaa habari za wale watu waliotembea mwezini. Nikataka wanafunzi wangu wajue ni kitambaa gani kingevumilia kule kwenye jua la kuunguza, baridi kali na vumbi linalokwangua, basi nikaomba vipande kwa fundi cherehani, nikavisugua kwa vumbi la matofali, nikavibanika juu ya jiko la mkaa, kisha nikaviacha nje vipigwe na jua la mchana na baridi ya Julai (na baridi ya Iringa mnaijua). Nyuma ya nyumba mikaratusi ilizuia jua, nikaamua kufunga kamba mbele, mlangoni kabisa. Hapo ndipo nilipojiponza.

Maana siku hiyohiyo baba yake Atupele, mchumba wangu, mzee wa kanisa kutoka Tukuyu, alikuja na dada yake, shangazi wa Atupele, kunitazama kabla ya kujibu posa. Wakasimama mbele ya ile kamba, vitambaa vimechakaa, vina madoa mekundu.

"Mwalimu, haya matambara ni ya nini?"

Nami kwa fahari zote, "Nguo za mwezini, baba!"

Lo! Mzee akainamisha macho, shangazi akashika mdomo, na mimi (mjinga wa mwisho) nikaongeza kwamba nazipima kila siku nione zinastahimili kiasi gani.

"Kumbe una mwanamke ndani," mzee akasema taratibu. "Na nguo zake za siku zile unazianika barabarani. Dada, twende zetu."

Ndipo nilipoelewa nimesema nini. Nikamwona Atupele ananiponyoka hivihivi. Lakini shangazi alinisukuma kando, akaingia ndani, nikamsikia akifunua masufuria, akatoka ameziba pua kwa kitenge.

"Kaka, rudi! Ugali wa juzi umeota ukungu, kitandani soksi na chaki. Humu hajawahi kuingia mwanamke!"

Hapo nikawahi kueleza kwamba ni mwezi wa angani, na yale madoa ni vumbi la matofali. Mzee akacheka mpaka akaketi kizingitini, nami nikashusha pumzi ambayo nadhani ilisikika Mbeya. Posa ikakubaliwa palepale.

Tangu hapo, nikiwa na wakwe, mwezi ukitoka naunyooshea kidole tu, sisemi neno.