Maneno Niliyomnyima Yaya Régine

Siku ile naiona bado, mwanangu, kwa uwazi kuliko hii ya leo. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, katika lupango, ua wa shemeji yangu Donat kule Shituru, mtaa wa Likasi. Viti vilipangwa duara. Yaya Régine, dada yangu mkubwa, alikalishwa peke yake kwenye kigoda, na binti yake Feza wa miezi saba amelala mapajani, mwili umelegea kama kitambaa kilicholowa.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila kitu Likasi kilikuwa kinatufia mikononi. Kiwanda cha shaba kilinyamaza idara baada ya idara, na Donat alikuwa amesimamishwa kazi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Lubumbashi bila kumaliza, nikawa nafundisha biolojia kwenye shule isiyo na chaki. Nililala chumba cha nyuma kwa Donat na kula bukari yake, ugali wa kwetu. Yaya ndiye aliyeniombea chumba hicho.

Feza alizaliwa na macho yaliyoinuka pembeni, shingo isiyokaza na mstari mmoja tu kiganjani. Nilitambua siku ya kwanza: ni trisomia, kromosomu moja ya ziada kati ya zile zinazobeba urithi. Nikajiambia nitamweleza Yaya akipata nguvu. Kisha nikasema kesho, na kesho yake tena. Mhubiri wa kikundi chao cha maombi akaniwahi: Régine, alisema, ameuza akili ya mtoto kwa wachawi, ndiyo maana mumewe amekosa kazi.

Jumapili ile mama yake Donat alisimama. "Régine aseme alimupeleka mutoto kwa nani!"

Yaya hakumtazama. Alinitazama mimi. "Gaston, weye njo ulisoma. Ubaambie bantu. Minye nilifanya nini?"

Wote wakanigeukia. Jibu nilikuwa nalo, mwanangu. Lakini nilimwona Donat amekunja uso, nikafikiria kile chumba, na jinsi watakavyoniita msomi asiyemcha Mungu. Nikasema, "Tuombe tu."

Wakaomba. Asubuhi yake wakamfukuza. Yaya alifunga nguo kwenye kitenge, akamweka Feza mgongoni, akaenda kwa miguu mpaka Kambove kwa shangazi yetu. Mvua ilinyesha kila siku. Feza alikuwa na moyo dhaifu, kama watoto wengi wa hali yake. Hakumaliza mwezi.

Habari iliponifikia niliazima baiskeli, nikafika wameshazika. Yaya alikuwa mlangoni, anachambua maharage. Nikakaa chini, na maneno yakanitoka yote kwa mara moja.

"Yaya, hakuna muntu aliyefanya hivi. Yai la mama likijitayarisha, kromosomu zake zinagawanywa. Nyuzi nyembamba zinazivuta, nyingine huku, nyingine kule. Kuna protini zinazotakiwa kukaa palepale kromosomu zinaposhikamana. Uzi ukishika vibaya, zinauachisha, ushike tena. Kazi ile ikiisha, zinahamia katikati, seli inapokatika. Zisipokuwa mahali pake saa ile, hata kama ziko tele kwingine ndani ya seli, kosa linapita. Kromosomu mbili zinakwenda upande mmoja, na ikiongezwa ile ya baba, mutoto anapata tatu. Kwa Feza sijui ni kitu gani kilikosea. Wenye maabara wenyewe bado wanatafuta. Lakini si mukono wako."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Zikikosa mahali pake, mama anasikia?"

"Hasikii kitu."

"Na minye ningefanya nini ili zikae?"

"Hakuna, Yaya. Dawa hakuna."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. "Na ile siku mu lupango, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akainua sinia, akaingia ndani, akafunga mlango. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuniita tena kwa jina langu, hata nilipokaa pembeni ya kitanda chake hospitalini. Chumba nilichokilinda nacho nilikikosa: Donat alinitoa kabla ya Pasaka.

Sikudanganyi, mwanangu. Ningesema, labda wangemfukuza vilevile. Labda Feza angekufa vilevile, maana mji ule haukuwa na daktari wa moyo. Lakini Yaya angetembea ile njia akijua kwamba si yeye aliyemdhuru mtoto wake. Hicho tu ndicho nilichokuwa na uwezo wa kumpa, na sikumpa.

Wewe unakwenda kusomea udaktari. Ukijua kitu kinachomwondolea mtu lawama, mwambie siku hiyohiyo, mbele ya wale wanaomlaumu, hata kama unakula kwao. Usingoje mpaka useme vizuri. Mimi nilisema vizuri sana, mtoto akiwa kaburini.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungue kinywa mapema kuliko alivyonifungua mimi.