Nilivyoiombea Kanada Baridi

Kwa miaka mingi niliijua hali ya hewa ya Kanada kuliko ya Mgeta ninakoishi. Kila asubuhi, kabla sijawafungulia kuku, nilitazama kwenye simu baridi ya kwa mdogo wangu imefika wapi. Nikikuta theluji inaanguka, roho inasuuzika. Mdogo wangu alikuwa akimbembeleza mama aende kukaa naye, na jibu la mama halikubadilika: "Baridi ya huko itaniua, mwanangu." Basi baridi ndiyo iliyokuwa ikinilindia mama.

Sijifichi, nilikuwa na wivu. Mdogo wangu alipata masomo, akapata mume, akapata na nchi nyingine, na bado akipiga simu mama alikimbia kuipokea na unga mikononi. Mimi niliyekuwa nikimchemshia maji ya kuoga, aliniita akitaka chumvi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nilijisemea. Lakini fimbo hiyo ya mbali ndiyo mama aliyoisifia kwa majirani.

Ukaja mwaka wa El Nino. Redio ikatangaza kwamba maji ya Pasifiki yamepata joto kupita kawaida, kwa hiyo vuli yetu huenda ikawa na mvua kubwa. Watu wa milimani tuchukue tahadhari. Nilikuwa nazibua mifereji ya shamba mdogo wangu alipopiga, furaha imemjaa. Bahari hiyo hiyo ikipata joto, alisema, baridi ya upande wao hupungua makali.

"Dada, mwaka huu mama atavaa sweta tu. Hana kisingizio tena."

Nilikaa juu ya tuta, jembe mkononi. Bahari moja, jamani, mimi inipe mafuriko na yeye impe mama?

Mama akaondoka. Mvua ilipokolea, matuta ya njegere yalishuka bondeni na choo kikafuata. Jioni ile ile mdogo wangu akatuma picha: mama yuko barabarani pakavu, kichwa wazi, sweta la njano, anacheka mpaka jino la mwisho. Huyo ndiye mama ambaye kwangu alilalamikia magoti kutwa. Nililichukia lile sweta kama mtu.

Walipopiga, sikutaka kuonewa huruma.

"Shikamoo, mama. Huku kwema kabisa, mvua za kawaida tu. Matuta nimeyajenga upya mwenyewe, hata kibarua sikuchukua."

La kuyajenga lilikuwa kweli, la mvua lilikuwa uongo. Kila wiki niliwapa habari za namna hiyo, ili mdogo wangu asikie kwamba kwangu hakiharibiki kitu.

Mwaka uliofuata bahari ikapoa. Vuli ikakauka, mahindi yakajikunja, na mimi nikafurahi kama mwehu, maana bahari ikipoa, kwa mdogo wangu baridi huwa kali. Asubuhi moja simu ikaonyesha baridi ya kugandisha mate mdomoni. Nikapaka chokaa chumba cha mama, nikaanika godoro, nikanunua kitenge cha kumpokelea.

Siku hiyo mama akapiga mwenyewe, kwa video. Nyuma yake, dirishani, magari yalikuwa yamefukiwa na theluji.

"Mama, rudi. Baridi hiyo itakuua."

Akacheka. "Baridi nimeshaizoea, mwanangu. Wala sikuwahi kuiogopa kiasi kile. Nilikuwa naogopa kukuacha peke yako huko mlimani. Nilijua huwezi bila mimi, nikawa naisingizia baridi, mpaka mwaka ule kisingizio kikaniishia." Akasogeza uso karibu na simu. "Nimekaa huku nakusikiliza. Matuta umejenga, shamba umelisimamia, hata siku moja hukulalamika. Sasa roho yangu imetulia, naweza kubaki. Unaweza mwenyewe, si ndiyo?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa ubavuni kwake, ananitazama, anasubiri jibu.

Nikasema ndiyo.